Hatua Moja Nyuma ya Mlango: Jinsi ya Kucheza Diablo ya Kwanza

Katika gemu ya kompyuta iitwayo Diablo, mlango wa kwanza ndani ya lile kanisa ukishaufungua, usiingie. Rudi hatua moja nyuma, ushike kitufe cha Shift, ungoje. Hayo ndiyo maneno niliyomwambia mpwa wangu jioni ya kwanza alipoketi mbele ya laptopu yangu hapa Nakuru, likizo ya Desemba, na ndiyo maneno aliyoyaacha yapite. Aliingia mbio. Ndani mlikuwa na mifupa sita inayotembea na vijipepo vitatu vyekundu, na kabla sijaweka mkasi chini mtu wake alikuwa amelala sakafuni, upanga pembeni.

"Shangazi, gemu hii inaonea."

Haionei. Ila haina huruma kwa mtu mwenye haraka, na sisi wengi tumelelewa na gemu za simu ambazo haraka ndiyo kila kitu.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Free Area. Aliyenifundisha gemu hii ni kaka yangu, baba wa kijana huyu, mwaka 2005, katika chumba alichokuwa amepanga Kondele, Kisumu, kwenye kompyuta ya mtumba yenye skrini nene kama televisheni. Sijaiacha tangu hapo. Haya ninayoandika ni yale niliyomfundisha mwanawe jioni baada ya jioni, na nimeyaandika kwa sababu sasa binamu zake nao wananipigia simu kuuliza.

Diablo ninayoisema ni ile ya kwanza kabisa, iliyotengenezwa na Blizzard North ya California na kutoka mwishoni mwa 1996. Hadithi yake ni ya giza. Mji mdogo uitwao Tristram umebaki na watu wachache. Mfalme wao, Leoric, aliingiwa na wazimu. Mwanawe mdogo, Albrecht, akatoweka, na chini ya kanisa kuukuu kuna kitu kilichokuwa kimefungwa ambacho sasa kimeamka. Wewe unashuka kukitafuta. Kuna orofa 16 chini ya ardhi, zimepangwa nne nne: kanisa lenyewe, kisha makaburi yaliyochimbwa chini yake, kisha mapango, mwisho jehanamu. Kama umewahi kusimama ukingoni mwa kreta ya Menengai jioni, upepo unavuma na huoni chini vizuri, basi unaijua hali ninayoisema.

Elewa hili mapema: kila ukianza mchezo mpya, orofa zote zinachorwa upya. Vyumba vinahama, ngazi zinahama, hata baadhi ya kazi unazopewa na watu wa mjini hubadilika. Ndiyo maana sikupi ramani. Ninakupa mazoea.

Kuipata si kazi. Tangu 2019 inauzwa kwenye duka la mtandaoni la GOG, ikiwa imetengenezwa ikubali Windows za siku hizi. Nililipa kwa kadi ya Visa ya M-Pesa, ile ya GlobalPay, nikiwa nimeketi hapa hapa kibandani. Tafadhali usiinunue kwenye flashi ya kando ya barabara. Miaka kadhaa iliyopita nilifanya hivyo, na kirusi kilichokuja nayo kilikula faili langu la vipimo vya wateja, mabega na viuno vya watu zaidi ya themanini, ikabidi niwaite mmoja mmoja nikiwapima upya na kuomba radhi.

Ukishainunua, pakua pia programu ya bure inayoitwa DevilutionX. Utalichukua faili moja kutoka kwenye gemu uliyonunua, DIABDAT.MPQ, lenye megabaiti kama 500, na kuliweka katika folda yake. Basi. Gemu inabaki ile ile, lakini inakaa vizuri kwenye skrini pana, unaweza kuruhusu mtu wako akimbie akiwa mjini, aokote dhahabu mwenyewe anapopita, na uone adui amebakiwa na nguvu kiasi gani. Inachezeka hata kwenye simu ya Android. Na kama hutaki kutoa shilingi kabla ya kuonja, DevilutionX inakubali pia faili la majaribio la bure, spawn.mpq. Humo utapata mpiganaji peke yake na orofa mbili za kwanza, na zinatosha kukuambia kama gemu hii ni yako.

Vaa spika za masikioni. Gitaa linalopigwa mjini Tristram, kazi ya Matt Uelmen, ni sababu tosha, lakini kuna sababu nyingine ya kazini: katika orofa za mwanzo huoni mbali, na mara nyingi utasikia mifupa ikigongana kabla hujaiona.

Sasa chagua mtu. Wako watatu: Warrior, mpiganaji wa upanga na ngao, Rogue, mwanamke wa upinde, na Sorcerer, mchawi. Anza na mpiganaji. Mchawi akifika chini anakuwa mtu wa kutisha kuliko wote, lakini orofa za kwanza atakufa kwa kuguswa tu, na mwenye upinde anahitaji jicho ambalo bado hujalipata. Mpiganaji anakusamehe kosa moja, wakati mwingine mawili.

Anaanza na upanga mfupi, ngao ndogo, chupa mbili nyekundu za kurudisha uzima na dhahabu 100. Mkobani mwake kuna rungu. Mpwa wangu aliliuza rungu hilo katika dakika ya kwanza kwa sababu lilionekana duni. Usiliuze! Nitakwambia sababu.

Kila ukipanda kiwango unapewa pointi tano za kugawa. Kwa mpiganaji, nyingi ziende kwenye nguvu, kwa sababu deraya nzito, yaani vazi la vita, ina masharti: ile nzito kabisa, Full Plate Mail, inataka nguvu 90 ndipo uivae. Nyingine weka kwenye uzima na wepesi. Uchawi wake hauwezi kupanda zaidi ya 50 hata ufanyeje, lakini usiuache pale pale kwenye 10 ulipoanza, maana vitabu vya uchawi vina masharti yake na kimojawapo, Stone Curse, kitakufaa sana chini. Kinamgeuza adui jiwe kwa muda, nawe unampiga akiwa ameganda.

Mjini, wazoee watu. Pepin ni tabibu, anakutibu bure kila unapomsalimia, kwa hiyo usinywe chupa ukiwa njiani kwenda kwake. Griswold ni mhunzi, ananunua, anauza na kurekebisha. Adria, mwanamke anayekaa peke yake ng'ambo ya mto, anauza vitabu, chupa za bluu za kurudisha uchawi na karatasi za Town Portal. Mzee Cain anakutambulishia vitu usivyovijua kwa dhahabu 100 kila kimoja. Kijana Wirt, mwenye mguu wa mti, anataka dhahabu 50 ili tu akuonyeshe kitu alicho nacho, na mwanzoni pesa hizo huna za kutupa.

Town Portal ni kama nauli ya kurudi nyumbani. Ukiisoma, mlango wa bluu unafunguka ulipo, unatokea mjini, unatibiwa, unauza, kisha unarudi pale pale ulipoachia. Usishuke hata siku moja bila karatasi moja mkobani, na ikibaki moja, hiyo ni ya kurudia, si ya kuendelea.

Mkoba wenyewe una miraba 40, kumi kwa minne. Hapa ufundi wangu ulinisaidia. Chupa inakula mraba mmoja. Upanga wa mkono mmoja unakula mitatu kwa urefu. Deraya inakula miwili kwa mitatu. Ukitupia vitu ovyo, utabaki na miraba kumi mitupu ambayo haiwezi kupokea hata kofia, kama kitambaa kilichokatwa kutoka katikati. Panga kama unavyopanga vipande vya sare kabla ya kukata: vikubwa pembeni kwanza, vimelalia ukingo, kisha vidogo vijaze mapengo. Mpwa wangu alipoona nikitelezesha deraya mbili, ngao na pinde mbili hadi zikakaa bila hata mraba uliopotea katikati, alicheka kwa furaha, na tangu siku hiyo mkoba wake ni safi kuliko wangu.

Dhahabu nayo inakula nafasi, kwani rundo moja halizidi 5000. Gemu ya awali haina sanduku la kuhifadhia mali, ingawa DevilutionX za karibuni zimeongeza moja. Usihofu: unapocheza peke yako, kitu ukikiacha chini mjini hakiibwi. Tupa dhahabu yako karibu na kisima, mafungu mafungu, na vitu vya thamani kando yake.

Na sasa mlango.

Baada ya kufa mara ya nne mpwa wangu alikuwa ameshanuna. Nikazima redio, nikatandaza mezani kipande cha kitambaa cha khaki kilichobaki, nikachukua chaki na kuchora miraba. Nikachora ukuta, na katikati ya ukuta nikaacha mraba mmoja mtupu: mlango. Bobini ya uzi ikawa yeye. Vifungo vya shati vikawa mifupa, saba.

"Jiweke unapokaaga," nikamwambia. Akaiweka bobini katikati ya chumba. Nikaizungushia vifungo. Vimeingia vyote saba, na bado nafasi moja ya kifungo cha nane ikabaki. "Wanakupiga wangapi?"

"Wote."

"Haya, simama mlangoni penyewe." Akaisogeza kwenye mraba wa mlango. Nikaweka kifungo mbele yake, kimoja kulia kwa mshazari, kimoja kushoto kwa mshazari. Watatu. Akatikisa kichwa kukubali, alidhani tumemaliza. Watu wengi huishia hapo, wakiamini kusimama mlangoni ndiyo siri.

"Sasa rudi nyuma hatua moja." Akairudisha bobini upande wa kwetu wa ukuta. Kifungo kimoja kikaingia mlangoni kumfuata. Akakitafutia cha pili mahali pa kukaa ili nacho kimguse. Akazungusha, akajaribu. Hapakuwa na mahali. Ukuta kulia, ukuta kushoto, na mlango umejaa mwenzao.

Akaniangalia. "Mmoja tu."

Mmoja tu, wengine sita wamepanga foleni. Lakini sikumwacha hapo, kwa sababu mifupa mingine ina pinde, na ukisimama sambamba na mlango, mshale unapita kwenye uwazi na kukukuta kifuani. Basi hatua ya mwisho: kutoka hapo nyuma ya mlango, sogea mraba mmoja kando, kulia au kushoto, ili mlango uwe mshazari kwako. Anayetokea mlangoni bado anaweza kukufikia na wewe unamfikia, ila mpiga mshale aliye ndani hakuoni tena. Itabidi naye aje.

Hapo ndipo Shift inapofanya kazi. Ukiishika na kubonyeza, mtu wako anapiga upande ule bila kusogea hata kidogo. Usipoishika, kipanya kikiteleza kidogo tu, atatembea kuelekea ulipobonyeza, yaani ndani, katikati ya wote. Vifo vingi vya wanaoanza si vya udhaifu. Ni vya kidole kuachia Shift.

Tulirudi kwenye laptopu. Akafungua mlango, akarudi, akasogea kando. Kimya. Kisha ule mlio wa mifupa. Wa kwanza akatokea, akapigwa mara mbili, akaanguka. Wa pili akakanyaga pale pale. Niliona mabega ya kijana yakishuka, yale yaliyokuwa yamekaza tangu jioni. Chumba kile kile kilichomuua mara nne, alikimaliza kwa chupa moja.

Kila adui ana tabia yake mlangoni. Vijipepo vyekundu, mmoja wao akiuawa, wenzake hukimbia kwa muda. Usiwafukuze, watarudi wenyewe, na ukiwafukuza watakupeleka kwenye chumba ambacho hujakifungua. Wale wanyama walao mizoga hujirudishia nguvu kwa kula maiti, kwa hiyo wamalize mapema. Zombi ni wazito, wape muda waje. Kuna zombi aina ya Black Death ambaye kila akikugusa anakupunguzia uzima wako mmoja kabisa, haurudi tena kwa chupa wala kwa Pepin. Huyo usimpokee mlangoni. Mwue kutoka mbali, kwa upinde au kwa karatasi ya uchawi, au mwache.

Turudi kwenye lile rungu. Silaha za gemu hii zina upendeleo. Rungu na vitu vya jamii yake huongeza nusu ya pigo juu ya waliokufa, yaani mifupa na zombi, na hupunguza nusu kwa wanyama. Upanga ni kinyume chake: mzuri kwa wanyama, hafifu kwa mifupa. Shoka halina upendeleo, lakini linataka mikono miwili na ngao inabaki mkobani. Orofa za kanisa zimejaa mifupa, kwa hiyo rungu lako la bure linaweza kukufaa kuliko upanga uliolipia. Mimi hubeba vyote viwili na kubadilisha kulingana na chumba. Ni usumbufu, naam, lakini hata cherehani hubadilishwa sindano kitambaa kikibadilika.

Angalia pia uchakavu. Silaha na nguo za vita huchakaa, na zikifika sifuri zinapotea moja kwa moja. Mpiganaji anaweza kujirekebishia mwenyewe, lakini kila akifanya hivyo kitu kile kinapungua uimara wake wa juu. Kitu unachokipenda mpelekee Griswold, lipa.

Kwenye orofa ya pili unaweza kumkuta Butcher, mchinjaji. Si kila mchezo anakuwamo. Ukiona majeruhi amelala karibu na njia ya kanisani, ongea naye, na akikuambia habari zake ujue yupo. Anakaa katika chumba kidogo kilichojaa maiti, na ukifungua tu anakuita nyama mpya na kukujia. Hatua ya nyuma haisaidii kwake kwa sababu yuko peke yake na anapiga kama ameshushiwa gogo. Mpiganaji asimfungulie kabla ya kufika kiwango cha tano au cha sita. Ujaze mkanda wote, nafasi zote nane, chupa nyekundu. Simama, shika Shift, piga, na uzima ukishuka kufikia nusu kunywa. Usingoje robo, maana mapigo yake mawili ni robo hiyo. Wenye upinde na wachawi wana njia ya amani zaidi: baadhi ya kuta za kanisa zina nondo badala ya mawe, mshale unapita lakini mtu hapiti. Mvute hadi akwame ng'ambo ya nondo, kisha mmalize taratibu. Ataacha kisu chake kikubwa.

Mfalme Leoric, akiwa katika mchezo wako, yuko kaburini kwake chini ya orofa ya tatu, naye ni mifupa. Rungu. Huwainua tena wafuasi wake walioanguka, kwa hiyo ukimaliza nguvu kwa wafuasi unakata nyasi ambayo inaota. Mwendee yeye.

Kusevu. Hapa nitasema kwa ukali kidogo, kwa sababu nimelia kwa ajili yake. Mtu wako ana sevu moja tu. Ukisevu upya, ya zamani imekwenda. Jioni moja, mwaka wangu wa kwanza na gemu hii, nilisevu nikiwa na uzima kidogo sana, nimezungukwa pembeni mwa chumba, sina karatasi wala chupa. Kila nikifungua, nakufa ndani ya sekunde mbili. Wiki tatu za kazi zikaishia hapo. Kwa hiyo sevu ukiwa mjini, au ukiwa umesimama kwenye ngazi na orofa iko kimya. Kamwe usisevu katikati ya vita.

Na sevu mara nyingi. Hapa Nakuru mvua ya alasiri ikianza kunguruma upande wa Menengai, stima ina tabia ya kwenda, na betri ya laptopu yangu haimalizi dakika kumi. Ngurumo ya kwanza mimi ninasoma Town Portal, ngurumo ya pili nimeshasevu. Zaidi ya hapo, katika folda ambamo gemu huweka sevu zake kuna faili linaloitwa single_0.sv. Ndilo mtu wako, na mali yake, na orofa zake. Linakili kwenye flashi kila Jumapili.

Kama umeshindwa kabisa, umeshuka haraka kuliko nguvu zako, kuna mlango wa nyuma ambao wengi hawaujui. Chagua mtu wako yule yule lakini uanze mchezo mpya. Anabaki na kiwango chake na alichovaa na kilichomo mkobani, ila orofa zinaanza upya kutoka juu, na unapata nafasi ya kujenga nguvu mahali rahisi. Tahadhari: ile dhahabu uliyoitandaza karibu na kisima haikufuati. Okota kwanza unachoweza kubeba.

Kuhusu madhabahu utakazozikuta njiani: nyingine zinakuongezea, nyingine zinakunyang'anya milele. Soma jina kabla ya kugusa. Zenye majina Fascinating, Ornate na Sacred hukupa uchawi mmoja mzuri na kukukata sehemu ya kumi ya hazina yako ya uchawi, kwa kudumu. Mchawi azikwepe kama moto. Mpiganaji zitamuumiza kidogo tu. Mapipa vunja moja moja, maana mengine hulipuka na mengine yana mifupa ndani.

Kuanzia orofa ya tisa, mapangoni, milango inakuwa adimu, na hapo wengi hufikiri somo limekwisha. Halijaisha. Kona ya jabali ni mlango. Njia nyembamba ni mlango. Ngazi uliyoshukia ni mlango mzuri kuliko yote, kwa sababu ukizidiwa unapanda. Orofa za 5, 9 na 13 zina njia ya kupanda moja kwa moja hadi mjini, zifungue mapema.

Jehanamu inaleta wanawake wenye mabawa wanaorusha damu kutoka mbali na kukimbia ukiwafuata. Mpiganaji akiwakimbiza uwanjani atachoka yeye. Jifiche nyuma ya kona wasikuone. Watakuja kukutafuta, na wakitokea wako hatua moja nawe. Wale wachawi wanaotoweka na kutokea kwingine wapige papo hapo wanapotokea, au wageuze jiwe. Orofa ya 15 utakuta fimbo ya askofu Lazarus. Ipeleke kwa Cain kabla ya kufanya jambo lolote, kisha rudi ukatafute mlango mwekundu. Orofa ya 16 ina vishikizo vinavyofungua sehemu moja baada ya nyingine. Vuta kimoja, maliza waliotoka, sevu mjini, ndipo uvute kingine. Diablo mwenyewe sitamwelezea. Nenda na mkanda uliojaa chupa kubwa, na kama una uchawi wa Holy Bolt, ambao vinginevyo huumiza waliokufa tu, ujue unamuumiza na yeye.

Mpwa wangu alirudi shuleni Kakamega Januari, wiki ile ambayo kibanda kilikuwa kimefurika sare na sikuwa na nafasi hata ya kuketi naye. Usiku wa mwisho alicheza peke yake mezani nikiwa nashona kola. Sikusikia akilalamika. Mvua ilianza, stima ikaenda, na gizani nikamuuliza kama amepoteza kazi yake. "Nilisevu kwenye ngurumo, Shangazi."

Asubuhi nilifungua kuangalia. Mpiganaji wake amesimama karibu na kisima, na mbele yake mafungu kumi na moja ya dhahabu yamepangwa kwa mistari minyoofu kama vifungo vya shati. Alikuwa ameniachia karatasi juu ya cherehani: nisiguse hata fungu moja. Sijagusa. Likizo ya Aprili tunaanzia orofa ya 13, pale ngazi inapoishia, hatua moja kando upande wa kushoto.